Jicho, Mkono na Ukumbusho: Ufundi na Utambuzi katika Picha za Lubumbashi

Siku moja nilibandika ubaoni nakala ya picha mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, nikawataka waandike insha fupi juu ya mambo waliyoyaona. Picha yenyewe ilikuwa mojawapo ya zile ambazo wenyeji wa Katanga huziita «Colonie belge». Mfungwa amelazwa chini. Askari mweusi anamchapa kiboko. Ofisa Mbelgiji amesimama kando akitazama. Mwanamke aliyechukua chakula anafuta machozi. Na nyuma yao bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya gereza. Darasa lilicheka. Mmoja wao alisimama akasema, «Mwalimu, huyu hajui kuchora. Askari hana shingo, na kichwa cha mfungwa ni kikubwa kuliko kifua chake.» Sikumkanya, maana hata mimi moyoni nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Kijana mmoja tu hakucheka. Wazazi wake walihamia kwetu kutoka Lubumbashi, na Kiswahili alichokuja nacho ni cha huko. Katika insha yake aliandika «muntu» badala ya mtu, «bantu» badala ya watu, na «iko na» pale ambapo sisi husema «ana». Niliisahihisha kwa wino mwekundu hata karatasi ikawa kama kuku aliyechinjwa, nikampa alama 35 kwa 100. Jioni, nilipokuwa nikizifunga insha hizo pamoja, niliisoma tena ile ya kwake, nikatanabahi jambo. Wenzake wote walikuwa wameeleza jinsi picha ilivyochorwa vibaya. Yeye peke yake alieleza kwamba Mbelgiji hakushika kiboko; kwamba apigaye ni mweusi na apigwaye ni mweusi, naye mwenye amri mikono yake ni safi; na kwamba yule mwanamke alileta chakula kwa mtu ambaye siku ile hangeweza kula. Katika darasa zima, yeye ndiye aliyeiona picha.

Makala haya yamezaliwa na aibu ya jioni ile. Yanakusudia kueleza, kwa kufuata historia ya uchoraji katika mji mmoja wa Waswahili wa bara, uhusiano uliopo kati ya ufundi wa mkono na utambuzi wa jicho. Yanakusudia pia kuwakumbusha walimu wenzangu kwamba mara nyingi tunapodai kuwa kazi fulani haina ufundi, upungufu huwa si wa aliyeifanya bali wa aitazamaye.

Maneno yetu wenyewe

Kabla hatujafika Lubumbashi, yafaa tuyatazame maneno matatu ya lugha yetu ambayo tunayatumia kila siku bila ya kuyapima.

La kwanza ni «sanaa». Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutengeneza, kufanya kazi kwa mikono. Kabla halijaanza kutumika kwa ushairi na maigizo, sanaa ilikuwa ni kazi ya mchonga milango, ya sonara, ya mshona kofia na ya muunda jahazi. Hivyo basi, katika Kiswahili hapakuwa na ukuta kati ya msanii na mtu wa kazi ya mikono. Ukuta huo umejengwa baadaye, na wengi wetu tumeukuta umekwisha kusimama.

La pili ni «fundi». Hili ni ndugu wa kufunda, kufundisha, mafunzo na mfunzi; na mwali anapotolewa ndani tunasema amekwisha kufundwa. Kwa hiyo fundi si mtu mwenye mikono myepesi tu. Ni mtu aliyefundwa, yaani aliyepokea jambo kwa mwingine, akalishika hata likawa lake, naye anaweza kulipokeza.

La tatu ndilo lenye siri kubwa, nalo ni «kuona». Mswahili huona njaa, huona kiu, huona baridi, huona haya, huona uchungu, huona fahari. Katika hayo yote hakuna hata moja liingialo kwa jicho. Kipofu huona baridi kama aonavyo mwenye macho. Kutazama ni kazi ya jicho, lakini kuona ni kazi ya mtu mzima pamoja na yote aliyoyapitia. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hapana shaka walikuwa na sababu yao. Lakini darasa langu lilikuwa na macho themanini na zaidi, na picha ilionwa na mawili tu.

Mji wa shaba

Katanga ni nchi ya mafundi tangu kale. Karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu, watu wa huko waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu, wakapata vipande vyenye umbo la msalaba ambavyo vilitumika kama fedha na kama mali ya mahari. Katika karne ya 19 Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya, na shaba ikawa miongoni mwa bidhaa zilizompa nguvu. Aliuawa mwezi wa Desemba 1891, msafara wa Wazungu ulipokuja kuichukua nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa kiwandani. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, na hata kutoka Rwanda na Burundi. Watu hawa hawakuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowakusanya, kwanza kazini, kisha kambini, kisha nyumbani, hata kikawa lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa mjini humo. Ni Kiswahili kilichokua mbali na pwani, hakikulelewa na washairi wa Lamu wala na kamati ya lugha. Kililelewa na moshi wa kiwanda.

Jambo moja ni lazima likumbukwe. Ukoloni ulipoingia, yule fundi wa shaba wa zamani hakuitwa tena fundi. Aliajiriwa, akapewa nambari, akawa kibarua. Mkono wake ulihitajiwa, lakini jicho lake halikuulizwa kitu. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma wakidai nyongeza ya mishahara, waliitwa wakutane katika uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Hiyo ndiyo sehemu ambamo uchoraji tunaouzungumzia ulizaliwa.

Banda la Romain-Desfossés

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ikajulikana kwa jina la «Le Hangar», yaani Banda. Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili, wala hakuwaambia mtu huchorwa hivi na mti huchorwa vile. Aliwapa rangi na vifaa, akawataka watazame viumbe na mimea, kisha kila mmoja atafute mwenyewe njia ya kutoa alichokiona.

Matokeo yake yanastahili kuzingatiwa na kila mwalimu. Wanafunzi watatu mashuhuri wa Banda walikaa chini ya paa moja wakitumia rangi zile zile, na bado hakuna awezaye kuzichanganya kazi zao. Bela Sara, aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa Romain-Desfossés, aliiweka kando brashi akachora kwa ncha za vidole, hata picha yake yote ikawa alama za kugusa. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, akaijaza nafasi iliyowazunguka kwa nukta na majani madogo madogo, kiasi kwamba hakuna mahali palipo patupu. Mwenze Kibwanga alichora wawindaji na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba, na mtu anapoitazama hudhani anatazama ukili uliosukwa. Ufundi wa kila mmoja haukutangulia kuona kwake. Uliota kutokana na kuona kwake, kama vile gome linavyoota kufuata umbo la mti.

Hata hivyo, tusimsifu mwalimu huyu kupita kiasi. Kutowapa wanafunzi mifano ya Ulaya kulikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja kulilinda macho yao. Kwa upande mwingine kulitokana na mawazo ya kikoloni kwamba Mwafrika ana kipaji cha asili ambacho elimu itakiharibu, na kwamba mahali pake ni msituni pamoja na ndege na nyoka. Wanunuzi wa picha hizo walikuwa Wazungu. Banda lilikuwa katika mji wa viwanda, lakini katika picha zake mashuhuri tunakuta mto, mbuga, uwindaji na kijiji. Dohani la kiwanda, ambalo kila mtu mjini alikuwa akiliona asubuhi na jioni, halimo. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu watu wapigwe risasi uwanjani, na jambo hilo nalo halimo. Jicho lilifunguliwa, lakini lilielekezwa upande mmoja.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Mbelgiji mmoja, Laurent Moonens, alikuwa amekwisha anzisha chuo cha sanaa mjini humo mwaka 1951. Wanafunzi wa Banda waliingia huko, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Basi hata yule aliyejifunza bila kufundishwa alikuja kuwa mfunzi, kama neno fundi lenyewe linavyotaka.

Wachoraji wa mitaani na neno «ukumbusho»

Baada ya uhuru wa 1960 mambo yalibadilika. Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe tangu Julai 1960 hadi Januari 1963. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Migodi ya Union Minière ikawa mali ya taifa mwaka 1967. Nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikaitwa Shaba.

Katika miaka hiyo kulitokea wachoraji wa namna nyingine. Wengi wao hawakupita Bandani wala chuoni. Kitambaa chao kilikuwa gunia la unga lililofuliwa na kuvutwa juu ya fremu ya mbao. Rangi yao ilikuwa ile iliyopatikana dukani. Walizunguka na picha zao nyumba kwa nyumba, wakiwauzia wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani na walimu. Mnunuzi aliitundika sebuleni, juu ya makochi. Kwa mara ya kwanza mchoraji wa Lubumbashi alichora kwa ajili ya macho ya jirani yake.

Picha zenyewe zilikuwa za aina maalumu zinazojulikana. Palikuwa na zile za mambo ya mababu, ambao huko huitwa «bankambo». Palikuwa na za wakati wa Wabelgiji, kama hiyo niliyoibandika darasani. Na palikuwa na za mambo ya leo, pamoja na «mamba muntu», yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye huleta utajiri na kudai malipo. Mchoraji mmoja aliweza kuchora picha ya aina moja mara nyingi. Mtu wa nje angesema huku ni kunakili, nako si sanaa. Lakini sisi walimu wa ushairi tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Ni nani amlaumuye malenga kwa kuwa shairi lake lina vina na mizani vile vile vya shairi la jana? Umbo linalorudiwa huwa ni chombo; lililo jipya ni kile kinachotiwa ndani yake. Katika «Colonie belge» moja askari amevaa viatu, katika nyingine yu pekupeku. Katika moja mwanamke yupo, katika nyingine hayupo. Mwenye nyumba alizijua tofauti hizo na aliweza kuzijadili usiku kucha.

Swali ni hili: watu hawa waliipimaje picha nzuri? Jibu limo katika jina walilozipa picha hizo, nalo ni jina la Kiswahili: «ukumbusho». Picha ilikuwa nzuri ikiwa inakumbusha. Haikutakiwa ifanane na kitu kama picha ya kamera inavyofanana. Ilitakiwa iamshe jambo ndani ya mtazamaji, baba amwambie mwanawe, «Hayo tuliyaona,» na mgeni aulize, na mazungumzo yaanze. Kwa kipimo hicho, askari asiye na shingo si kosa. Bendera ikikosekana, hilo ndilo kosa. Kiboko kikiwa mkononi mwa Mbelgiji, hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa maana ukweli wa siku zile umepotoshwa.

Hapa ndipo tunapouona uhusiano tuliokuwa tukiutafuta. Ufundi wa mchoraji wa ukumbusho ulikuwa ni kuchagua. Alikuwa na gunia dogo, rangi chache, na mnunuzi mwenye fedha kidogo. Ilimpasa ajue ni vitu gani vinne au vitano ambavyo vikiwekwa pamoja vitaamsha miaka hamsini. Kuchagua huko hakuwezekani bila ya kwanza kuona. Wala kuona hakumfai mtu kitu asipojua kuchagua. Mkono na jicho vilikuwa kama mashua na tanga lake.

Tshibumba Kanda Matulu

Aliyeufikisha uchoraji huo mbali kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana mjini Lubumbashi na mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Johannes Fabian, ambaye alikuwa akifundisha katika chuo kikuu huko. Tshibumba alimweleza kwamba nia yake haikuwa kuuza picha moja moja tu. Alitaka kuichora historia yote ya nchi yake. Kati ya 1973 na 1974 alimpelekea mfululizo wa picha 101, kuanzia enzi za mababu na kuja kwa Wareno, kupita ukoloni, mgomo wa 1941, uhuru na kujitenga kwa Katanga, hadi utawala wa Mobutu. Na zile za mwisho ziliingia katika ndoto na katika mambo yasiyotokea bado. Kila mara picha zilipoletwa, wawili hao walikaa na kinasa sauti wakazizungumzia, na lugha ya mazungumzo yao ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mazungumzo hayo pamoja na picha yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1996, na picha zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum mjini Amsterdam.

Tshibumba alijiita mchoraji na mwanahistoria. Wataalamu waliozilinganisha picha zake na nyaraka wamekuta mahali ambapo hazipatani. Lakini tazama jinsi alivyokichora kifo cha Lumumba. Miili mitatu imelala chini. Mbali, juu ya kilima, ipo misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba imetiririka ardhini ikaandika neno moja la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hakuna shahidi aliyeona damu ikiandika. Na hapana mtu wa Lubumbashi, aliyelelewa na misa ya Jumapili na aliyekumbuka vita vya kujitenga, ambaye angeshindwa kuona maana yake: kwamba mtu huyu amekufa kifo cha kuwakomboa wengine, na kwamba alichokifia ni umoja wa nchi. Kwa brashi na rangi za dukani Tshibumba alisema katika gunia la unga jambo ambalo mwandishi angehitaji sura nzima kulisema.

Je, huo si ufundi? Mwanafunzi wa chuo angeweza kumchora Lumumba mwenye shingo sahihi, vidole sahihi na kivuli sahihi, na bado asiseme neno. Tshibumba hakujua baadhi ya mambo ambayo chuo hufundisha. Alijua mengine ambayo chuo hakikuwa na mtu wa kuyafundisha.

Tangu mwaka 1981 Tshibumba hajulikani alipo. Katika miaka hiyo hali ya uchumi ilikuwa imekwisha kuwa mbaya, na wafanyakazi waliokuwa wakinunua picha walikuwa wakitafuta unga badala ya gunia lililochorwa. Picha nyingi za sebuleni zimechakaa, zimeuzwa au zimeliwa na mchwa. Kama si mkutano ule wa 1973, huenda hata zile 101 zisingekuwapo.

Ufundi wa kalamu

Ndugu msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi tusiochora? Yatuhusu sana, maana Lubumbashi hiyo hiyo ina kitabu ambacho ni ndugu wa picha hizo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha huko historia ya mji wao, akaiita «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Iligongwa kwa taipu. Herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, maneno mengine yameunganishwa na mengine yamekatwa vipande, na nukta huwekwa pasipotarajiwa. Mwalimu wa Kiswahili akiichukua kwa kalamu nyekundu hatafika ukurasa wa pili.

Lakini andiko hilo lilipochapishwa mwaka 1990, walioshughulika nalo waligundua kwamba njia ya kulielewa ilikuwa kulisoma kwa sauti. Likisomwa kwa macho tu, ni vurugu. Likisemwa na mtu wa Lubumbashi, sentensi hujipanga, pumzi hupata mahali pake, na tunawasikia watu waliofua nguo za wakubwa wakieleza jinsi mji ulivyojengwa na nani aliyeteswa. Kumbe andiko lilitengenezwa kwa ajili ya sikio, na sisi tulikuwa tukilipima kwa jicho. Ni kosa lile lile la darasa langu.

Hitimisho

Nisije nikafahamika vibaya. Simaanishi kwamba makosa yote ni hekima iliyojificha, wala kwamba mwalimu avunje kalamu yake nyekundu. Iko michoro isiyo na ufundi wala utambuzi, na ziko insha za namna hiyo. Nimezisahihisha kwa miaka mingi. Tena Kiswahili sanifu ni ufundi kama ufundi mwingine. Ndicho kinachomwezesha mtu wa Lubumbashi kusomwa Unguja, Kampala na Bujumbura. Anayemnyima mwanafunzi ufundi huo kwa kusingizia kwamba analinda kipaji chake cha asili anarudia kosa la Banda: anamsifia macho yake, huku akimfungia mlango.

Ninalolisema ni kwamba kuna wajibu mbili, nasi kwa muda mrefu tumeutaja mmoja tu. Mwanafunzi ana wajibu wa kuufunda mkono wake. Mwalimu ana wajibu wa kulifunda jicho lake mwenyewe kabla ya kuhukumu. Kila kazi iwekwapo mbele yetu, iwe picha, insha au shairi la mwanagenzi, yafaa tujiulize kwanza: Imefanywa kwa ajili ya macho au masikio ya nani? Mwenye kuifanya alikuwa na zana gani mkononi? Inakumbusha nini? Tukisha kujibu hayo, ndipo tuseme habari za shingo na za viambishi.

Kuhusu kijana wangu, alama yake sikuibadilisha. Mtihani wa taifa utamhukumu kwa Kiswahili sanifu, nami ningemdanganya kama ningemwambia vinginevyo. Lakini siku ya pili nilimwita mbele akaisoma insha yake kwa sauti, kama alivyoiandika, na darasa ambalo lilikuwa limecheka likanyamaza. Kisha tukakaa wawili baada ya masomo, tukaiandika upya sentensi kwa sentensi. Yeye akinieleza alichokiona, nami nikimwonyesha jinsi ya kukisema ili na wengine wakione. Sijui kama nimewahi kufundisha vizuri zaidi ya siku ile.

Na kwenu walimu wenzetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tunawaletea ombi. Katika sebule za wazee huenda bado kuna magunia yaliyochorwa ambayo hakuna ajuaye habari zake. Kabla mchwa hawajamaliza kazi yao, wapelekeni wanafunzi wenu wakayatazame, wawaulize wenye nyumba yanakumbusha nini, na wayaandike majibu kama yatakavyosemwa.